Sikuyaua Mimi Matumbawe Yako

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili mchana, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu kwanza, maana hasira isitufanye tusahau tulivyolelewa. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na mwanangu Kibibi, kile kikohozi kimemwachia? Mwambie shangazi yake amemshonea gauni jingine, na safari hii nimeacha upindo mkubwa, kwa sababu naona kwenye picha anarefuka kama anavutwa. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako mgongo umetulia, anatembea wima tena kama mtu aliyemeza fimbo. Kazi zipo, wateja wapo, na wale wanaoagiza mapazia kwa haraka kisha wasije kuyachukua wapo vilevile.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikianza tu kupandisha sauti unasema mtandao unasumbua, na huku namsikia Kibibi akiimba chumba cha pili, kila neno. Kwenye kundi la familia nako siwezi, kila mtu ana kidole na kila kidole kina maoni. Karatasi haikatizi mtu. Kwa hiyo vuta kiti ukae, leo utanisikia hadi mwisho.

Jumamosi ile uliandika kwenye kundi, mbele ya shangazi, binamu, wakwe na watu ambao hata sijui nani aliwaingiza: "Dada ameyaua matumbawe yangu. Kazi ya miaka yote imekwisha kwa mchana mmoja." Ukabandika na picha uliyoipiga kwa ile kamera yako, uliyoifunga hapa kwangu kuelekea tangi ili uone kutoka huko. Watu wakaanza kukupa pole kama mtu aliyefiwa. Shangazi akaandika kwamba mtoto aliacha amana mikononi mwa mkubwa wake, na mkubwa ameshindwa hata kuangalia maji.

Basi tuanze na hiyo amana.

Amana, mdogo wangu, mtu huombwa kwanza kuipokea. Mimi niliombwa lini? Ulifika hapa na lori na wanaume wa kubeba, mkaingiza tangi la kioo refu kuliko kitanda changu, na kabati lake, na tangi jingine la kukaa chini ndani ya kabati, na mapipa ya maji, na magunia ya chumvi. Ukaniambia, "Ni wiki chache tu, Dada, nikipata mtu wa kulichukua nitalihamisha." Mtu huyo sijamwona mpaka leo. Kochi langu likahamia ukumbini, na wageni wangu sasa hukaa kwenye mstari wakitazama ukuta kama wanaosubiri kuitwa na daktari. Soketi zote za ukuta ule ulizichukua wewe. Mapazia ya watu napiga pasi chumbani kwangu, kitandani, nimepiga magoti.

Na kazi yenyewe nikajifunza. Nikajifunza kwamba maji hupungua lakini chumvi haipungui, kwa hiyo kila asubuhi lazima yaongezwe maji matamu yaliyochujwa, kabla sijanywa chai. Nikajifunza kupima chumvi, kukwangua ukungu kwenye kioo, kumwaga kile kikombe cha povu ambacho harufu yake inaweza kumfukuza mwizi. Ile soksi ya kuchujia uchafu naifua mara nyingi kuliko soksi za mume wangu. Asante yako ikawa nini? Ujumbe kwenye simu, nikiwa na tonge mkononi: "Dada, kioo cha kushoto naona kina ukungu." Unaniangalia kutoka huko, uko mbali hata jua hatulioni pamoja, na bado unaniamrisha kama msichana wa kazi.

Sitakudanganya lakini. Niliwapenda. Hakuna aliyenilazimisha kuwapa majina. Yule bapa wa manjano mwenye wivu, anayemfukuza kila mtu kwenye kona yake, tulimwita Ndimu. Wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wanaolala ndani ya yule mnyama anayefanana na ua, ni Bwana na Bibi. Na yule kamba mwekundu mwenye sharubu nyeupe tulimwita Kinyozi. Alikuwa na jiwe lake. Samaki walikuwa wakija mmoja mmoja, wanasimama mbele yake wametulia, naye anawapitia kwa vile vidole vyake, anawatoa uchafu mashavuni mpaka ndani ya mdomo. Ndimu mwenye kiburi naye alisubiri zamu. Siku moja mteja alikuja kunigombeza kwamba mapazia yake yamekwenda upande. Nikamwambia akae kidogo nimalize mshono. Nilipoinua macho alikuwa amesogeza kiti hadi kwenye kioo, amesahau kabisa kilichomleta.

Sasa nikuambie siku yenyewe, kwa sababu wewe uliiona kwa tundu la kamera, mimi nilikuwa ndani yake.

Ijumaa jioni nilibadilisha maji kama ulivyoniagiza. Maji mapya yalikuwa na ubaridi kidogo, nawe ukaniandikia kwamba umeona kwenye simu yako na nisiwe na wasiwasi, yatapanda yenyewe. Nikalala bila wasiwasi, kama ulivyosema. Jumamosi asubuhi niliwalisha, nikaona wamechangamka, nikabeba mapazia ya daktari wa meno nikaenda kuyatundika. Shemeji yako alikuwa kazini. Nyumba ilibaki imefungwa.

Nilirudi mchana. Kufungua mlango tu nikapokewa na harufu nzito, kama ndoo ya samaki iliyosahauliwa juani. Kioo kimejaa ukungu wa mvuke. Nikaweka kiganja: vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Samaki wote walikuwa juu kabisa, midomo wazi, wanagugumia hewa. Ndimu ameegemea jiwe kama mlevi. Matumbawe yamejikunja, yanatoa utelezi mrefu kama makamasi. Mifupa yao nilikuwa naiona, nami ndio kwanza nilijua kwamba wana mifupa.

Nilikupigia. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, na tena. Huko kwenu, ambako jua hututangulia, ulikuwa tayari usiku, umelala.

Nikampigia Fundi Chumvi, yule fundi wa matangi uliyeniachia namba yake. Alikuwa mbali kwenye kazi nyingine, lakini hakunikatia.

"Chomoa hita," akasema. "Kisha fungua mfuniko, elekeza feni zipige juu ya maji. Barafu usiitie ndani ya maji, ifunge kwanza kwenye mifuko. Na polepole, Dada. Ukishusha joto kwa pupa utawaua kwa baridi wale waliopona kwa joto."

Nikaingia nyuma ya kabati. Wewe mwenyewe unajua zile nyaya ulivyozifunga, zimelaliana kama tambi, na hakuna hata mmoja wenye alama. Nikauvuta ule niliodhani ni wa hita, nikaona hita haijazima, nikachomoa mtambo mzima. Nyumba ikanyamaza. Nikapapasa mpaka nikampata adui, nikamtoa, nikarudisha wengine. Taa ikawaka. Vile vifaa vya kutikisa maji vikaanza. Lakini ile pampu kubwa, inayopandisha maji kutoka tangi la chini, ilinguruma kama mtu anayetaka kupiga chafya, halafu kimya.

Nikamweleza fundi. Akashusha pumzi. "Hiyo imejaa chokaa. Ilikuwa inazunguka kwa mazoea tu. Pampu ya namna hiyo ukiizima haiwaki tena mpaka isafishwe. Nilimwambia mwenyewe kabla hajasafiri kwamba inataka kubadilishwa."

Umeisoma hiyo? Alikuambia kabla hujasafiri. Ukaniachia pampu inayokufa ukanieleza kwa kirefu jinsi ya kupangusa kioo.

Basi ikawa maji ya moto, hewa hakuna, na mimi peke yangu. Nikakimbia kwa jirani yetu Mama Barafu, muuza samaki wa upande wa pili wa barabara. Nikamwambia nataka barafu ya samaki. Akauliza samaki gani, mbona hujanunua kwangu. Nikamwambia wako hai. Akanitazama, kisha akajifunga kanga kiunoni na kubeba mifuko mwenyewe. Njiani akasema, "Barafu hii nimezoea kuwapa waliokwisha kufa. Haya, leo tuone walio hai watasemaje."

Tukaifunga vizuri, tukaizamisha kwenye tangi la chini, mfuko mmoja baada ya mwingine, jicho kwenye kipimajoto. Mimi nachota kwa ndoo chini, napanda kigoda, namimina juu ili maji yapate hewa, nashuka, nachota tena. Mama Barafu anapepea kwa ufuniko wa sufuria pale feni isipofika. Shemeji yako akatukuta hivyo. Wewe unamjua, tangu tangi liingie amekuwa akiliita mpangaji. Alisimama mlangoni, akatazama maji sakafuni, akavua viatu, akakunja suruali, akaninyang'anya ndoo.

Tulipokezana ndoo hivyo kwa muda mrefu. Halafu zamu yangu moja nikakanyaga pale palipolowa zaidi, kigoda kikaenda kwake na mimi kwangu. Nilitua kwa mkono wa kulia. Ndoo ikamwagikia vitambaa vya mapazia ya kliniki moja iliyoniagiza, vile vya kijani vilivyokuwa vimekatwa tayari na kupangwa juu ya meza ya cherehani. Maji ya chumvi yakanywewa mpaka kitambaa cha chini kabisa. Nimevifua, lakini vimebaki na mabaka meupe, na vingine itabidi nivikate upya.

Sikuandikii ili unilipe. Nakuandikia ujue.

Mkono ukavimba palepale. Nikaufunga kwa kipande cha pazia, nikakaa sakafuni na pampu yako. Shemeji yako akaishika, mimi nikaifungua kwa mkono wa kushoto, kama ninavyoifungua cherehani ikigoma. Ndani chokaa imejaa kama meno ya mzee asiyejua mswaki. Tukailoweka kwenye siki, nikaisugua kwa mswaki wa zamani, nikaikwangua kwa kijiti, nikairudisha kwenye siki. Shemeji yako akaendelea na ndoo. Jua lilikuwa limeanza kulegea tulipoirudisha mahali pake. Ikanguruma, ikakohoa mchanga, ikapandisha maji. Mama Barafu akakaa kwenye kochi ukumbini akacheka mpaka machozi.

Samaki walipona wote. Hilo hukuliandika kwenye kundi. Ndimu alikuwa wa mwisho kusimama sawa, na alipopata nguvu kidogo tu akaanza kumfukuza Bwana. Matumbawe mengi ya chini, yale manene, yalifunguka tena polepole. Lakini lile la matawi, la rangi ya zambarau, ulilolikuza kutoka kipande kidogo kama kucha, liligeuka jeupe lote. Na Kinyozi tulimkuta amelala ubavu juu ya jiwe lake. Nilimlilia, wala sioni aibu kukuambia. Asubuhi yake samaki walikwenda kwenye lile jiwe kama kawaida, wakasimama kwa zamu, wakasubiri. Hakuna mtu pale. Wakasubiri, wakaondoka.

Na wewe je? Ulipoamka ulifungua kamera kabla hujafungua dirisha. Uliona weupe wa tumbawe, uliona maji sakafuni, na nina hakika uliniona nimekaa chini nimefunga mkono, kwa sababu nilikuwa katikati ya picha. Simu zangu zote ulizikuta. Hukupiga. Uliandika.

Niliusoma ujumbe wako nikiwa bado na nguo zimelowa. Shemeji yako alitaka kukujibu, nikamzuia. Shangazi akanipigia mwenyewe.

"Mdogo wako analia," akaniambia.

"Shangazi, nami nimeanguka, mkono umevimba, sijui kama nitaweza kushona."

"Mkono utapona, mwanangu. Vile vitu vyake havirudi."

Wahenga walisema ukubwa ni jalala, nami nimekuwa jalala lako tangu ukitambaa. Lakini hata jalala, mdogo wangu, watu hulitazama wanapotupa.

Ningenyamaza, Kitinda. Kweli ningenyamaza, kama isingekuwa Jumatano. Niko kwenye cherehani, nashona kwa kusaidiwa na mkono wa kushoto, nikasikia hodi. Nikafungua nikakuta lori, wanaume wawili wenye kamba na mablanketi, na nyuma yao Fundi Chumvi anatazama viatu vyake.

"Tumekuja kuchukua tangi," akasema mmoja. "Mwenye tangi ametutuma. Linakwenda kwa rafiki yake, mahali salama."

Mahali salama. Nyumbani kwangu kumekuwa mahali pa hatari, na habari hiyo naletewa na mbeba mizigo.

Nikamuuliza, "Mwenye tangi ni yupi, anayewalisha au anayewatazama kwenye simu?"

Akasema yeye hajui hayo, yeye ameitwa kubeba. Nikamgeukia fundi. "Wewe unawajua hawa wanyama. Wakihamishwa leo watafika wazima?"

"Hawatafika," akasema. "Ndio kwanza wanapata nafuu. Nilimwambia, Dada. Amesema nifanye hivyohivyo."

Nikasimama katikati ya mlango. Mimi si mnene, lakini mlango wenyewe ni mwembamba. Nikawaambia warudi, leo hakitoki kitu humu, na atakayetaka kupita atapita juu yangu, kisha akamweleze mwenye tangi alivyopita. Na hapo nikasikia sauti nyuma yangu, ya yule bwana anayeliita mpangaji. "Waambie na mimi nimekataa." Lori likaondoka tupu.

Sikujua kwamba ningelipigania. Miezi yote nimelinung'unikia, nimelitukana nikifua soksi yake, nimekuomba ulihamishe hadi nikachoka kuomba. Lakini kulitoa ni jambo la kukaa na kuzungumza. Hunitumii wanaume mlangoni kama mimi ndiye niliyeiba.

Sasa nafika pale palipoifanya barua hii iandikwe.

Wifi yangu alinipigia Alhamisi. Katika ukoo wetu wote, yeye ndiye mtu wa kwanza kuniuliza, "Mkono unaendeleaje?" Nikaacha kushona, nikakaa kitako. Naye akaanza kulia, akaniambia, "Wifi, kuna jambo siwezi kulala nalo."

Unalijua jambo lenyewe. Ijumaa ile ulipoona maji yana ubaridi, ulishika simu yako ukaiamuru soketi ya hita iwake moja kwa moja, isikate hata maji yakifika kiasi, ili yapande haraka. Ulinuia kuirudisha baada ya muda kidogo. Ukapitiwa na usingizi, kwenu kulipokucha, sisi huku bado usiku, ukatoka, jioni yenu ukarudi umechoka, ukalala tena. Na kengele ya hatari, ile ambayo ingekuamsha maji yalipoanza kupata moto, ulikuwa umeizima tangu mwezi uliopita kwa sababu ilikuwa inakukatiza usingizi kwa mambo madogo.

Mimi nilikuomba kengele hiyo iite na kwenye simu yangu pia. Unakumbuka ulivyonijibu? Ulisema, "Dada, mambo ya kitaalamu yatakuchanganya tu."

Sikumwamini wifi mara moja, nilidhani ni maneno ya hasira ya wanandoa. Nikamuuliza Fundi Chumvi, bila kumwambia ninachokijua, kama hita inaweza kuendelea kuwaka vile yenyewe. Akaniambia haiwezi, kile kisanduku kinachopima joto kingekata umeme, labda mtu akiamuru kutoka kwenye simu. Na simu inayoamuru ni moja tu duniani.

Wifi usimgombeze. Nakuomba, na kama ombi halitoshi, nakukataza. Ametaka mume wake awe mtu mkweli, na hilo si kosa. Ukimnunia kwa sababu ya barua hii utakuwa umenikosea mara ya pili.

Kusahau hakuniudhi. Kila mtu husahau, na usingizi hauna adabu. Hata kuzima kengele ningekuelewa. Linaloniudhi ni kwamba ulipoamka uliijua sababu. Uliiona kwenye simu yako, ile amri yako mwenyewe, bado imewaka. Ukaizima kimya, kisha ukageuza kidole ukaninyooshea mimi. Na watu walipokupa pole, ukazipokea.

Sasa sikiliza nilivyoamua. Fundi Chumvi amekuja jana, ameiondoa simu yako kwenye mitambo. Kengele italia hapa, kwenye nyumba yenye maji, na mimi na shemeji yako ndio tutakaoamka. Kila waya ameufunga tambara lenye rangi yake, nimemkatia mwenyewe kutoka kwenye masalia ya mapazia. Pampu mpya imewekwa. Tangi linabaki hapa mpaka utakapokuja wewe kwa miguu yako. Ukija, tutakaa, tutaamua, na ukisema unalihamisha, nitakusaidia kufunga mizigo. Kutuma watu basi.

Na hili la Shangazi. Tangu Alhamisi ninalo hili neno mdomoni kama kaa la moto. Kila nikifungua simu naona bado wanakupa pole, na juzi binamu mmoja ameandika kwamba vitu vya thamani vikae na wanaovielewa. Ilikuwa ni kubonyeza tu. Mstari mmoja, na ukoo mzima ungejua. Shemeji yako mwenyewe hajui, na analala ubavuni kwangu. Nimekufunika, si kwa sababu unastahili, ila sikutaka watu wakusome vile walivyonisoma mimi. Ndiyo maana hii ni barua, na bahasha yake nimeigundisha mara mbili.

Lakini kufunika kwangu kuna mwisho. Tukiwa wadogo ukivunja kitu nilisema ni mimi, nikachapwa, nikakuona umejificha nyuma ya mlango unakula kucha. Ulikuwa mtoto. Sasa una mtoto. Mpigie Shangazi. Usimtumie ujumbe, mpigie, akusikie sauti. Kisha uandike kwenye kundi, palepale ulipoandika mwanzo, kwa urefu uleule. Mimi sitakusemea, na sitakukumbusha tena baada ya leo.

Nisalimie wifi yangu sana, mwambie mkono umepungua uvimbe na daktari amesema haukuvunjika. Mbusu Kibibi. Shemeji yako anakusalimu, kwa ufupi wake ule. Mama Barafu naye anakusalimu ingawa hamjaonana, anauliza ni lini utakuja kula samaki wa kwake, wale wasiokuwa na majina.

Mungu akutunze huko uliko, wewe na nyumba yako. Akupe riziki na afya, na siku utakayompigia Shangazi simu, akupe ulimi usiokwama.

Ni mimi dada yako, mwana wa kwanza wa mama yetu, nikupendaye na hasira zangu zote,

Dada